Seti Ikipunguzwa, Je, Bado Ni Ileile?

Katika lugha ya Python, kuondoa memba wa seti moja kutoka nyingine ni kazi ya alama ya kutoa tu. Seti ya kwanza ina 1, 2 na 3. Ya pili ina 3 na 4. Toa ya pili kwenye ya kwanza, zinabaki 1 na 2. Ile 4 haikuwamo tangu mwanzo, na kompyuta hailalamiki.

Swali gumu huja baada ya jibu. Hiyo seti iliyobaki ni ile ya kwanza iliyopungua, au ni nyingine kabisa?

Mwanahisabati Mjerumani Ernst Zermelo, alipoiwekea nadharia ya seti misingi yake mwaka 1908, hakuacha nafasi ya kubishana: seti hutambulika kwa memba wake, basi. Anayemwondoa memba mmoja hajaipunguza seti. Anazungumzia seti nyingine.

Python inakubali majibu yote mawili. Programu ikiandikwa a = a - b, inaundwa seti mpya na kupewa jina la zamani, huku ile ya awali ikibaki salama kwa yeyote aliyeishika kwa jina jingine. Ikiandikwa a -= b, seti ileile inapunguzwa papo hapo, na kila jina linaloielekea linakuta memba wametoweka. Hata seti tupu, ambayo katika hisabati ni moja tu, kwenye Python zinaweza kuwa mbili: ukiuliza kama zinalingana, jibu ni ndiyo, ukiuliza kama ni kitu kimoja, jibu ni hapana.

Kwa namba, Zermelo anatosha. Kwa watu hatoshi. Klabu ya soka ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na hakuna mchezaji wa kikosi kile aliye uwanjani leo. Bado ni Yanga, kwa sababu klabu haikuwa orodha ya majina tu.

Lakini orodha ya majina nayo ina uzito wake. Anayefutwa papo hapo kwenye daftari la wapiga kura au la wagonjwa haachi hata alama kwamba aliwahi kuwamo, na akija kudai haki yake hana pa kuonyesha. Kwa hiyo, wewe unayeandika programu za kuhifadhi majina ya watu, unda seti mpya, na ile ya zamani uitunze.