Homoni ya Tumboni na Perege wa Bwawani

Mwanangu, nasikia unataka kufuga perege, na kwamba yuko mtu anayekushawishi ununue homoni ya kuwanenepesha upesi. Tulia kwanza nikueleze, maana maneno yake yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo itakayokumalizia mtaji.

Mwaka 1999 Wajapani, akina Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua homoni iitwayo grelini katika tumbo la panya. Hutengenezwa tumboni, lakini hufika mpaka tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ikaichochea kutoa homoni ya ukuaji. Baadaye ikapatikana kwa perege pia. Ya perege ina amino asidi 20, ya binadamu 28.

Sikiliza watafiti walivyopata uhakika, hapo ndipo penye elimu. Ukimdunga samaki grelini na homoni ya ukuaji ikapanda, utajuaje tezi imeamshwa na grelini yenyewe au na ubongo? Basi wakaitoa tezi ya perege, wakaiweka peke yake katika chombo chenye virutubisho, wakaitilia grelini. Ikatoa homoni ya ukuaji vilevile, na prolaktini juu yake, ile inayomsaidia samaki wa maji baridi asipoteze chumvi ya mwili. Mimi jaribio la namna hii hunifurahisha kuliko hotuba ya saa nzima.

Lakini usilichukue ukalipeleka kwa kila samaki. Samaki dhahabu, ambaye hana hata tumbo, grelini yake hutoka kwenye utumbo, na akidungwa hula zaidi. Trauti wachanga waliopewa grelini walipunguza kula. Kwa hiyo atakayekuambia "samaki hufanya hivi," muulize ni samaki gani.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji wako hakulitaja. Samaki wa aina nyingi wakinyimwa chakula kwa wiki kadhaa, homoni ya ukuaji hupanda katika damu, nao hawakui ng'o! Ini lao huacha kuiitikia, halitoi ile homoni nyingine inayojenga nyama, na ya ukuaji inabaki kuchoma mafuta ya mwili. Tezi imefanya kazi yake, ila chakula hakuna.

Hizo fedha nunua dagaa, mashudu na pumba. Nunua na mizani, uwapime perege wachache kila baada ya wiki mbili, uandike.