Ukakasi Wako Haujamshinda Mungu



Kijana mwenzangu, leo twende Umbria, katikati ya Italia, kwenye mji mdogo wa mlimani uitwao Montefalco. Huko ndiko nyumbani kwa zabibu nyeusi iitwayo Sagrantino. Usishtuke, sijaja kutangaza pombe! Zabibu hii ina funzo.

Wapo wanaolihusisha jina lake na mambo matakatifu, kwa sababu ya divai ya Misa. Lakini ukiionja divai yake ikiwa changa, utakunja uso. Inakaba ulimi kama ndizi mbichi. Ukakasi huo unaletwa na tanini, iliyomo kwenye maganda na mbegu, na Sagrantino ni miongoni mwa zabibu zenye tanini nyingi kuliko zote Italia.

Wazee wa Montefalco walifanyaje? Walizianika zabibu mpaka zikanyauka na sukari ikakolea, wakapata divai tamu ya kunywa siku kubwa kama Pasaka. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1960 mzabibu huu ulikuwa karibu kutoweka. Baadaye wakulima wakaupa nafasi tena, wakaanza kutengeneza pia divai isiyo tamu. Leo sheria inataka divai hiyo itunzwe miezi isiyopungua 37 kabla ya kuuzwa, na angalau 12 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa ya mbao.

Sasa sikiliza vizuri. Muda wote huo, hakuna anayeingia kwenye pipa kuung'oa ukakasi. Tanini ileile inalainika polepole, na ndiyo hiyohiyo inayoifanya divai idumu miaka mingi bila kuharibika. Kumbe kilichokaba ulimi ndicho kinachoilinda!

Wangapi kati yetu tunasali hivi: "Bwana, nitolee tabia hii, nifanye kama fulani"? Wewe una hasira za haraka. Mwingine ana ubishi, au uchungu wa kulelewa bila baba. Kwenye kwaya wanakuita mkali, nyumbani wanasema umeshindikana. Na wewe umeanza kuamini kwamba hata Mungu amekuchoka.

Mtazame Saulo wa Tarso. Bidii aliyowinda nayo Wakristo, Kristo hakuizima, aliigeuza. Ubishi wa kuwatia watu gerezani ukawa uvumilivu wa kukaa gerezani mwenyewe kwa ajili ya Injili. Tena haikuwa siku moja. Katika Wagalatia sura ya 1 anasimulia kwamba baada ya kuitwa alikwenda Arabia, akarudi Dameski, na ni baada ya miaka mitatu ndipo alipopanda kwenda Yerusalemu kumwona Petro. Miaka mitatu! Sisi tukisali novena moja tu bila kuona badiliko, tunakata tamaa.

Ila tusidanganyane. Kusubiri si kujiachia. Divai ndani ya pipa hupungua taratibu, na mtunzaji asipoliongezea, hewa inajaa na divai inageuka siki. Kwa hiyo usiseme "ndivyo nilivyoumbwa" huku unawaumiza wenzako kwa maneno. Hiyo sasa ni siki. Pipa lako liongezewe: Kitubio, Misa, Neno la Mungu kila siku, na mtu mzima wa imani unayeweza kumwambia ukweli wote.

Montefalco hiyohiyo ndiko alikoishi Mtakatifu Klara wa Msalaba, mtawa aliyefariki mwaka 1308. Alipita miaka mingi ya giza katika sala, na hakuondoka monasterini. Aliwaambia masista wenzake kwamba anaubeba msalaba wa Kristo moyoni mwake. Naye hakukimbia pipa.

Katika Yohane sura ya 15, Yesu anatuita matawi yake na kutuomba tukae ndani yake. Kukaa ndiko kugumu, si ndiyo? Basi wiki hii chagua jambo moja: ukakasi wako mmoja, uutaje kwa jina mbele ya Ekaristi Takatifu. Usiombe uondolewe. Omba ugeuzwe.

Tusali: Bwana Yesu, mzabibu wa kweli, unajua ukali wangu na ulikotoka. Nishike ndani yako mpaka niwe divai ya kufaa meza yako. Amina.