Masinde Muliro na Kura ya 1975

Masinde Muliro alizaliwa tarehe 30 Juni 1922 huko Matili, Kimilili, katika nchi ya Wabukusu. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na kaka yake, Aibu Naburuku. Kaka huyo hatajwi mara nyingi, ingawa ndiye aliyeshika nafasi ya baba. Yatima wa kijijini enzi zile hakutarajiwa kufika mbali. Muliro alisoma hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi mwaka 1954 na mke wa Afrika Kusini, akawa mwalimu.

Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, alimshinda W.W.W. Awori katika Nyanza Kaskazini. Akawa mmoja wa wanane, pamoja na Mboya, Odinga, Ngala na Moi. Wanane hao walikataa uwaziri waliopewa na mkoloni, wakidai viti zaidi kwanza. Mwaka 1960 akawa makamu wa Ngala katika KADU, chama kilichojiunga na KANU mwaka 1964.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya mbunge J.M. Kariuki, mkosoaji wa serikali, kuuawa, Machi 1975. Kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo iliongozwa na Elijah Mwangale, mbunge aliyetoka Bungoma kama Muliro. Ripoti yake iliwagusa wakubwa serikalini, na mawaziri walitarajiwa kuikataa. Muliro, Waziri wa Ujenzi, alipiga kura kuiunga mkono. Rais Kenyatta akamfuta kazi mara moja, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, waliopiga kura kama yeye. Wengi waliokuwa na mashaka kama yake walinyamaza wakabaki na bendera kwenye magari yao. Yeye alijua gharama, na akapiga kura.

Mwaka 1991, akiwa karibu na miaka sabini, alikuwa miongoni mwa wazee sita walioanzisha FORD kudai vyama vingi. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi, alipowasili kutoka London. FORD ikagawanyika kabla ya uchaguzi wa Desemba, na Rais Moi akashinda.

Chuo kikuu cha Kakamega na uwanja wa michezo wa Kanduyi vina jina lake. Wanasiasa wanaohutubia Kanduyi wawaeleze vijana habari ya kura ile ya 1975.