Boheti bin Amrani na deni la kumtaja mtu

Ndugu msomaji, sisi wa Mpanda tulikuwa Mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Katavi. Mwaka 2014 jina la Rukwa likapewa mnyama. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walitangaza dinosaria mpya mwenye shingo ndefu, mifupa yake imefukuliwa kusini mwa bonde la Ziwa Rukwa, wakamwita Rukwatitan. Umri wake wakaukadiria miaka milioni 100.

Wapo wanaoogopa hesabu hiyo. Lakini Qur'an haikutaja umri wa ardhi, bali imetuamrisha tutembee tutazame jinsi Allah (s.w.) alivyoanzisha uumbaji. Kinachostahili kutusumbua ni jambo jingine: nani hutajwa na nani husahauliwa?

Huko Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya aina hii kati ya 1909 na 1913, vumbi la Majimaji likiwa bado halijatulia. Mamia ya wananchi walifukua, wakabeba mizigo kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote hao amesimamishwa Berlin hadi leo. Msimamizi wa mafundi alikuwa Boheti bin Amrani. Kiongozi wa msafara, Janensch, ana dinosaria wa jina lake, Janenschia. Boheti alisubiri hadi mwaka 2007, Mjerumani Kristian Remes alipompa mmoja jina la Australodocus bohetii.

Mtu atasema: si alilipwa ujira? Ndiyo, na ujira ni haki ya jasho. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hakumshukuru Allah. Tena, maiti hanufaiki na jina lililobandikwa kwenye mfupa; malipo yake yako kwa Mola wake. Anayenufaika ni aliye hai, kwa kuwa habari aliyoipokea imekuwa ya kweli.

Basi tusiwanyooshee vidole Wajerumani peke yao. Wao walau waliliandika jina la Boheti. Sisi tuliandika wapi? Tazama misikiti na madrasa zetu. Jiwe la msingi lina jina la mgeni rasmi aliyekaa nusu saa. Fundi aliyepanga matofali na akina mama waliochota maji, hawamo.

Tuanze hapo. Kila kamati iwe na daftari la waliofanya kazi, majina kamili, kabla wazee hawajaondoka.

Wallahu a'lam.