Shomoro wa Nyongeza na Samaki wa Bakuli

Somo: Luka 12:6, Mwanzo 1:20-28, Mithali 12:10, Luka 14:28



Jumapili hii tulizungumza juu ya samaki. Si omena wala tilapia ya kukaanga, bali wale samaki wadogo wa mapambo wanaouzwa madukani, ambao mtu huwaweka kwenye bakuli la kioo sebuleni au ofisini. Najua kuna mtu anasema, "Pasta leo amekosa neno." Ngoja kidogo. Yesu mwenyewe aliwahi kuhubiri juu ya viumbe vidogo vya kuuzwa sokoni.

1. KWA MUNGU HAKUNA HASARA YA KAWAIDA

Linganisha Mathayo 10:29 na Luka 12:6. Katika Mathayo, shomoro wawili wanauzwa kwa senti moja. Katika Luka, watano kwa senti mbili. Piga hesabu. Kwa senti mbili ungepata wanne. Huyo wa tano ametoka wapi? Ni wa nyongeza! Ni kama vile unamwambia mama mboga, "Mama, niongezee," naye anakutupia nyanya moja juu. Huyo shomoro wa tano hana bei kabisa. Lakini Yesu anasema hata mmoja wao hajasahauliwa mbele za Mungu.

Nilisomea biashara, na darasani kuna kitu tulifundishwa kinaitwa hasara ya kawaida. Ukisafirisha mzigo, unajua tangu mwanzo kwamba sehemu itaharibika njiani. Hiyo haikupi presha. Gharama yake unaiweka juu ya bei ya mzigo uliofika salama. Kwa nyanya hiyo ni hesabu nzuri. Lakini samaki wa mapambo naye huhesabiwa hivyo hivyo. Wanaokufa safarini na wanaokufa dukani wamekwisha kulipiwa ndani ya bei ya yule unayemnunua. Na kwa sababu ni wa bei ya chini, akifa nyumbani kwako watu husema, "Si tutanunua mwingine?"

Mwambie jirani yako: bei si thamani.

2. BARAKA YA KWANZA ILIWAFIKIA SAMAKI

Baraka ya kwanza kabisa katika Biblia haikutolewa kwa mwanadamu. Soma Mwanzo 1:22. Siku ya tano Mungu aliwabariki viumbe vya majini na ndege, waongezeke. Sisi tulibarikiwa siku ya sita. Na tulipopewa mamlaka, aya ya 28, wa kwanza kutajwa chini ya mkono wetu ni samaki wa baharini. Kwa hiyo ukimweka samaki kwenye bakuli, unatawala kitu ambacho Mungu alikwisha kukibariki kabla yako. Utawala wako utaulizwa.

Hata serikali inajua hivyo. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhesabu samaki pamoja na wanyama wengine.

3. MWENYE HAKI ANAMJUA MNYAMA WAKE

Mithali 12:10 inasema juu ya mtu mwenye haki na uhai wa mnyama wake. Katika Kiebrania neno lililotumika hapo ni "kujua". Sio kumpenda tu kwa macho. Kumjua.

Basi tumjue. Samaki wa dhahabu, yule mwekundu tunayemwona kila mahali, akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 na zaidi, na anaweza kupita sentimita 20 kwa urefu. Ni nani alimwambia bakuli la supu linamtosha? Uchafu wake mwingi hutoka kupitia matamvua, yale mashavu anayopumulia, nao unaitwa amonia. Amonia haina rangi ndani ya maji. Maji yanaweza kung'aa kabisa na bado yakawa sumu. Kuna bakteria wanaokula hiyo amonia, wanaishi kwenye sponji ya filta, lakini huchukua wiki kadhaa kukaa vizuri. Kwa hiyo tangi likinunuliwa leo na samaki wakatiwa leo, wengi hufa mapema, halafu tunasema, "Hawa samaki ni wanyonge."

Ongeza klorini ya maji ya mfereji, inayochoma matamvua isipoondolewa kwanza. Ongeza baridi ya usiku wa Nakuru, maana mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Samaki kama gapi na faita wametoka nchi za joto, wanahitaji maji ya nyuzi kama 25. Na faita dume wawili ukiwaweka pamoja, watapigana mpaka mmoja aumie vibaya au afe.

Kuku akiumia utamsikia mpaka kwa jirani. Samaki hana kelele. Hewa ikiisha majini anapanda juu, anafungua mdomo, anafunga, anafungua. Watoto wanafurahi, wanasema anawasalimia. Kumbe anatafuta pumzi.

4. KAA CHINI UHESABU GHARAMA

Kamati moja ya harusi iliniuliza kama kuna ubaya kuweka samaki hai kwenye bakuli, moja kila meza, kama dekoresheni. Niliwauliza swali moja tu: Jumatatu nani atawalisha? Wakatazamana. Wakachagua maua.

Luka 14:28, Yesu anasema anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza ahesabu gharama. Fanya hesabu ya samaki pia. Tangi la lita 60, ukibadilisha robo ya maji kila wiki, ni lita 15. Hapa Rhonda tunajua maana ya jerikeni. Kama hiyo robo tatu ya jerikeni itatoka kwa maji ya kupikia watoto, usinunue samaki. Mungu hajakuamuru uwe naye.

Na ewe kijana unayetaka kuuza samaki wa mapambo, ni biashara halali. Lakini mteja akija na bakuli dogo, mwambie ukweli hata kama utakosa hiyo mia mbili. Mjasiriamali aliyeokoka hauzi kifo akakiita pambo.

Tena ukichoka naye, usimmwage Mto Njoro wala ziwani. Tunaijua hadithi ya mbuta katika Ziwa Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, na aina mamia za fulu zikapotea. Lakini sikia hili: baadhi ya fulu hao wako hai leo kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, kwa watu waliokubali kuwatunza kwa bidii. Kwa hiyo tangi lenyewe si dhambi. Kuna tangi lililo kaburi na kuna tangi lililo safina.

5. "LAKINI PASTA, WATU WANA NJAA"

Ni kweli. Na Yesu alikula samaki, tena aliwapikia wanafunzi wake ufuoni, Yohana 21:9. Sijasema usile. Nasema kuna tofauti kati ya kumla kwa shukrani na kumwacha afe pole pole kwa ajili ya urembo.

Katika Yona 4:11, Mungu akieleza kwa nini anauhurumia Ninawi, anataja watu zaidi ya elfu 120, kisha anataja na wanyama. Hakusema huruma ikienda kwa wanyama itapungukia watu. Na nimeona hivi: mtu anayesema "si ni samaki tu" hakawii kusema "si ni kibarua tu," "si ni msichana wa kazi tu." Watu hao pia tumewaweka katika hasara ya kawaida. Tutubu.

KAZI YA WIKI HII
Katika kikundi cha nyumbani, jibuni: Ni kiumbe gani kiko chini ya mkono wangu, na kama kingekuwa na sauti, kingesema nini juu yangu? Mwenye samaki abadilishe robo ya maji. Maji mapya yakae kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza, ili klorini ipungue.

TUOMBE
Baba, wewe humsahau hata yule wa nyongeza. Tufundishe kutawala kama wewe. Tupe macho ya kuona pumzi inayotafutwa kimya kimya, majini na majumbani mwetu. Katika jina la Yesu. Amina.