Ni Nani Aseme "Nimepona"?

Neno moja kila mgonjwa hutamani kulisema: "Nimepona." Ni neno la furaha, wala hatumkatazi mtu kufurahi. Lakini katika ugonjwa wa kifua kikuu neno hilo latutaka tujiulize: Je, ni nani mwenye haki ya kulisema? Ni mgonjwa, kwa kuwa mwili ni wake? Au ni daktari, kwa kuwa vipimo ni vyake?

Swali hili si la madaktari peke yao. Mji wetu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na vumbi la mawe huyadhoofisha mapafu ya wachimbaji hata kifua kikuu kikapata njia. Nao ugonjwa huu huenea kwa hewa. Katika mitaa kama Katuba, Kenya na Ruashi, mahali ambapo watu wengi hulala chumba kimoja, kikohozi cha mmoja ni jambo la wote.

Kwanza tufahamu jinsi matibabu yanavyokwenda. Kwa desturi, mgonjwa ambaye vijidudu vyake si sugu hutibiwa miezi 6: miezi 2 ya dawa 4 pamoja, kisha miezi 4 ya dawa 2. Katika majuma ya kwanza vijidudu vingi hufa. Homa huondoka, jasho la usiku hukoma, uzito huongezeka. Aliyekuwa akishindwa kumaliza bukari yake sasa aomba nyingine. Ndipo ajiambiapo: "Nimepona, ya nini kumeza tena?"

Hasemi uongo, asema anavyojisikia. Lakini mwili wamwambia nusu tu ya habari. Vijidudu vichache husalia vimelala, kama makaa chini ya majivu. Akiacha dawa, vyaweza kuamka, na pengine kuwa sugu hata dawa zile zisifae tena. Hata watafiti waliojaribu tiba ya miezi 6 katika Afrika ya Mashariki, wakatangaza matokeo yao ya kwanza mwaka 1972, hawakutosheka na hali ya wagonjwa siku ya kumaliza dawa. Waliendelea kuwafuata baadaye, waone ni wangapi watakaorudiwa na ugonjwa.

Kwa sababu hiyo makohozi hupimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, kisha mwezi wa 5 na wa 6. Basi, je, vipimo ndivyo mwamuzi? La. Navyo vina mipaka. Hadubini haivioni vijidudu mpaka viwe maelfu katika mililita moja ya makohozi. Kwa hiyo "havikuonekana" si sawa na "havimo". Tena huweza kuonyesha vijidudu vilivyokwisha kufa. Hata mashine ya GeneXpert, iliyo hodari sana katika kuutambua ugonjwa, haifai kufuatilia matibabu, maana huhesabu hata mabaki ya vijidudu vilivyokufa.

Kipimo ni shahidi, si hakimu. Kikionyesha vijidudu mwisho wa mwezi wa 2, huenda ugonjwa ulikuwa mzito tangu mwanzo. Huenda vijidudu ni vifu, au ni sugu. Huenda mgonjwa aliruka vidonge kwa kuwa tumbo lilikuwa tupu. Inafaa kuuliza kabla ya kukaripia. Mgonjwa anayekaripiwa hujifunza kuficha, na akificha, hakuna kipimo kitakachosema kweli juu yake.

Wengine watajibu: "Mwili ni wangu, niache." Kweli, mwili ni wako, ndugu, lakini hewa ni yetu sote. Watoto wanaolala karibu nawe hawakuulizwa. Kwa hiyo una deni la kumaliza dawa na kusema kweli ulipoziruka.

Lakini deni hilo lina pande mbili. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika nchi yetu. Nauli haitolewi bure, wala chakula, wala kazi ya siku iliyopotea. Mchimbaji anayelipwa kwa siku, akienda kupimwa, jioni watoto wake watakula nini? Tukimdai amalize miezi 6, nasi hatumpelekei hata sahani ya bukari, twampima yeye na kujisahau wenyewe.

Basi jibu letu ni hili: mgonjwa peke yake hawezi kulisema neno "Nimepona", wala kipimo peke yake hakiwezi. Hulisema vizuri yule aliyemaliza dawa zake, makohozi yake yakamshuhudia, na jirani zake wakamsaidia kufika mwisho. Ikiwa katika uwanja wenu yuko mtu anayetibiwa, msimwulize tu, "Umepona?" Mwulizeni, "Siku ya kupimwa ni lini, na ni nani kati yetu atakayekusindikiza?"