MAKANISA MENGI, YESU NI YUPI?

Kijana mpendwa unayepita hapa Horohoro, uwe utingo, mbeba mizigo au mbadilisha fedha, huenda umewahi kusema: "Wakristo wenyewe hawaelewani! Mara Mkatoliki, mara Mlutheri, mara Mlokole. Sasa nimfuate nani?" Swali lako ni zuri. Tusilikwepe.

Ni kweli tunatofautiana: namna ya kubatiza, namna ya kuabudu, nani aongoze. Lakini msingi ni mmoja. Mungu ni mmoja, Muumba wa vyote. Yesu Kristo ni Mwana wake. Alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, siku ya tatu akafufuka, naye atarudi kuhukumu. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 waliukiri msingi huo. Na tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, Uganda, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Moto haukuuliza dhehebu!

Utasema: "Kufa kwa ajili ya imani si ushahidi. Hata aliyedanganywa hufa." Kweli kabisa! Lakini watazame wale wa kwanza. Petro na wenzake hawakusimuliwa. Walisema wamemwona Yesu kwa macho yao. Kama walitunga, basi walijua wametunga. Wewe wa mpakani unajua: mtu wa magendo akimulikwa tochi porini, anatupa mzigo, mbio! Nani afe kwa ajili ya gunia analojua ni la makapi? Lakini wale walichapwa, wakafungwa, Yakobo akauawa kwa upanga (Mdo. 12:2), na wenzake wakaendelea kuhubiri. Mzigo hawakuutupa. Kwa nini?

Kama Yesu hakufufuka, tupa karatasi hii. Paulo mwenyewe alikubali kwamba hapo imani yetu ni bure (1 Kor. 15:14). Lakini kama alifufuka, anakudai jibu.

Rafiki, hapa mpakani huvuki kwa pasi ya jirani. Imani ya mama yako haitakuvusha, wala unafiki wa mkristo fulani hautakuwa udhuru wako. Usingoje kesho. Sema naye hapo hapo ulipo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa na kufufuka kwa ajili yangu. Nisamehe, uniongoze tangu leo. Amina."

Mungu akubariki!